Kadi Huanza Kwenye Mkunjo

Mtu akikaa mezani kutengeneza kadi kwa mara ya kwanza, mkono wake huenda moja kwa moja kwenye maua, utepe na vimetameta. Karatasi yenyewe huikunja harakaharaka kwa ukucha, mawazo yote yakiwa kwenye urembo utakaokuja juu. Kwangu mimi kazi inaanzia hapo hapo alipopita mbio. Kadi ni mkunjo kwanza. Mkunjo ndio unaoamua mpokeaji aone nini kabla ya nini, asubiri wapi, mkono wake uende upande gani. Ukiupata, mapambo machache yanatosha. Ukiukosa, hata ukimwaga duka zima la steshenari juu yake, kadi italegea, itapinda pembeni, na haitasimama juu ya kabati hata siku moja.

Natengeneza kadi na albamu ndogo hapa Tanga: za arusi, za Idi, za Krismasi, za watoto wanaomaliza shule. Vifaa vyangu karibu vyote vinapatikana madukani mtaani: manila, bahasha za kaki, rula ya chuma, wembe, gundi nyeupe, pedi ya wino wa muhuri. Sijaona haja ya kuagiza boksi la vifaa kutoka ng'ambo. Kilichonisaidia kuliko kifaa chochote ni kuijua karatasi.

Karatasi ina njia yake. Kiwandani, rojo la nyuzi humwagwa juu ya wavu unaotembea, na nyuzi nyingi hulala kufuata mwendo wa mashine. Kwa hiyo kila karatasi ina upande inaokubali kukunjwa na upande inaokataa. Shika kipande cha manila kwa mikono miwili, kipinde taratibu bila kukivunja, kisha kigeuze na ukipinde upande wa pili. Viganja vitakuambia: upande mmoja unatii, mwingine unasukuma. Kama bado una shaka, kata kipande kidogo, kilowanishe uso mmoja kwa maji, kiache. Kitajiviringa kama mrija, na mrija huo hulala sambamba na nyuzi. Mkunjo wako ufuate njia hiyo. Ukikunja kwa kukata nyuzi, manila nene hupasuka mgongoni, rangi inatoka, na unabaki na mstari mweupe wenye manyoya ambao hakuna utepe utakaouficha.

Uzito nao una sehemu yake. Karatasi ya kawaida ya fotokopi ni gramu 80 kwa mita ya mraba, na hiyo haiwezi kusimama. Kadi ya kusimama inataka kuanzia gramu 200 hivi, na 300 ndiyo nzito ya kutosha kwa kadi ya arusi. Madukani kwetu manila mara nyingi huuzwa bila kuandikwa uzito, basi usiulize namba: ipinde, uisikilize.

Kabla ya kukunja, piga mfuo. Wenye maduka yao ya ufundi huuza kipande cha mfupa kwa kazi hiyo, lakini biro iliyokwisha wino inafanya vizuri kabisa. Weka karatasi juu ya gazeti lililokunjwa ili pawe na ulaini chini, laza rula, pitisha biro kwa kubonyeza, mara mbili, bila kukata. Hapo utapata mfuo upande mmoja na kituta kidogo upande wa pili. Sasa watu wengi hukunja kuelekea kwenye mfuo, wakidhani umewekwa ili karatasi iingie humo. Ni kinyume chake. Kituta kikae ndani ya kadi na mfuo ubaki nje. Uso wa nje wa mkunjo ndio unaovutwa, na mfuo umekwisha kuupunguzia kazi. Uso wa ndani unabanwa, na kituta kinajibana humo bila kupasua chochote. Maliza kwa mgongo wa kijiko, ukiwa umetandika karatasi nyingine juu ili usiache mng'ao wa kusuguliwa. Mkunjo uliopigwa hivi hufunguka na kufunga mamia ya mara bila kuchoka.

Mkunjo ninaoupenda kuliko yote ni wa mlango. Chukua karatasi ya A5, yaani nusu ya A4. Upande wake mrefu una milimita 210. Gawa: mbawa mbili za milimita 52 kila moja, na katikati 105, kisha ile milimita moja iliyobaki uikate, kwa sababu mbawa zikikutana kamili hugongana na kadi inabaki imevimba. Ukizifunga unapata kadi ya ukubwa wa A6 inayofunguka kutoka katikati kwenda pande mbili. Tatizo la kadi hii ni ule ufa. Hata ukipima vipi, pale mbawa zinapokutana mtu huchungulia na kuona cha ndani kabla hujamruhusu.

Jibu liko kwenye milango ya Mji Mkongwe, Unguja, na ya Lamu. Mlango wa Kiswahili una mbao mbili, na pale zinapokutana kuna mfaa, ule ubao mwembamba wa katikati, uliochongwa kwa nakshi, uliopigiliwa kwenye ubao mmoja tu na kuufunika ukingo wa mwenzake. Kadi yangu naiwekea mfaa. Nakata ukanda wa manila wa rangi nyingine, upana wa milimita 15, nausawiri kwa mihuri midogo midogo, halafu nautia gundi nusu ya upana wake tu, kwenye ubawa mmoja. Nusu ya pili inalala juu ya ubawa wa pili bila kushikwa. Ufa umekwisha, na kadi imepata mapambo yake makuu mahali panapostahili. Kitu kimoja cha kuangalia: mlango wa nyumba hufunguka kwa ndani, hivyo ubao usio na mfaa ndio unaotangulia. Kadi hufunguka kwa nje, kwa hiyo ubawa wenye mfaa ndio utangulie. Mpokeaji wa mkono wa kulia atavuta kutoka katikati kwenda kulia, basi gundi uipake ubawa wa kulia. Jambo dogo, lakini kadi inayofunguka mkono ulipotarajia humpa mtu raha hata asipojua imetoka wapi.

Sasa mihuri. Nasema mihuri ya kuchonga mwenyewe, maana ndiyo inayoifanya karatasi ya kawaida ya steshenari iwe yako. Kifutio cheupe cha shule ni kizuri kwa nakshi ndogo. Ndala iliyochakaa, sehemu ya kisigino ambayo bado ni bapa, inafaa kwa umbo kubwa. Kiazi ulaya kinatosha kwa mchana mmoja na watoto, kisha kinasinyaa. Chora umbo lako kwenye karatasi kwa penseli laini, ligeuze juu ya kifutio, sugua kwa ukucha. Mchoro utahamia ukiwa umegeuka, na ukija kupiga chapa utageuka tena na kukaa sawa, hivyo herufi hazikusumbui. Kuchonga, wembe uelekee nje ya mstari, mteremko kama wa paa, usichimbe chini ya umbo. Ukichimba chini, kingo hukosa mtu wa kuzishika na hubonyea unapogonga.

Nashika wembe kwa kuuvunja nusu na kuufunga kitambaa upande mmoja. Naanza na umbo la korosho, lile lililojaa kwenye kanga, kwa sababu lina mkunjo mmoja wa kujifunza na ncha moja ya kujihadhari nayo. Ncha naichonga mwisho. Ukianza nayo, kidole kitaigusa kila unapogeuza kifutio, na itakatika.

Ufundi huu Waafrika wanaujua siku nyingi. Ntonso, karibu na Kumasi nchini Ghana, mafundi wa adinkra, zile nguo za kugongwa alama, huchonga mihuri yao kwenye vipande vya kibuyu, huchemsha magamba ya mti wa badie mpaka yawe wino mzito mweusi, na kugonga nguo alama moja baada ya nyingine. Kibuyu kina mviringo wake wa asili, hivyo muhuri hauhitaji kubonyezwa wote kwa mara moja. Fundi huuviringisha kutoka ukingo mmoja hadi mwingine na wino unakolea kote. Nami hugundisha ndala yangu kwenye kipande cha mti chenye tumbo kidogo, nikaviringisha vivyo hivyo, na alama hutoka safi kuliko ninavyoipata kwa kibao bapa. Na kwetu pwani pia, kabla viwanda vya ng'ambo havijaichukua kazi ya kanga, Zanzibar walikuwepo mafundi waliopiga vitambaa chapa kwa mihuri ya mbao.

Kanga ndiyo iliyonipa mpango wa uso wa kadi, na tangu nilipoushika sijahangaika tena na swali la nini kikae wapi. Kanga ina pindo linalozunguka pande zote, ina mji katikati, na ina jina, yale maandishi yanayokaa ndani ya mji karibu na pindo la chini. Hakuna kinachoelea. Na vipimo vinashangaza: kanga moja ina kama sentimita 150 kwa 110, na kadi ya A6 ina milimita 148 kwa 105. Ukiipunguza kanga mara kumi, unapata karibu kabisa kadi ya mfukoni. Kwa hiyo mpangilio uliokwisha kukomazwa kwa zaidi ya miaka mia moja, na macho ya wanawake ambao hawakubali kitambaa kibaya, unaingia kwenye kadi yako bila kulazimishwa.

Pindo la muhuri lina siri moja: anza na pembe. Muhuri wa upana wa milimita 20 huingia mara saba kwenye upande mrefu na mara tano kwenye mfupi, na zinabaki milimita chache. Ukianza upande mmoja ukaenda hadi mwisho, mabaki yote yanakusanyika pembe ya mwisho, na jicho linakwenda huko huko. Gonga pembe nne kwanza, kisha katikati ya kila upande, halafu jaza mapengo kwa kukadiria. Mabaki yanagawanyika kati ya alama zote na hakuna atakayeyaona. Mjini weka kitu kimoja tu, kikubwa. Meza moja, mnazi mmoja, nyota moja. Mji uliojaa vikorokoro unaua pindo.

Halafu jina. Hapa nina msimamo, na sitauficha: sentensi ya kadi isitoke dukani. Kadi ya sikukuu ya kibiashara tangu kuzaliwa kwake ilikuwa dawa ya kupunguza kuandika. Mwaka 1843, London, mtumishi wa serikali Henry Cole alikuwa na marundo ya barua za Krismasi za kujibu. Miaka mitatu nyuma, posta ya peni moja, ambayo yeye mwenyewe alisaidia kuianzisha, ilikuwa imefanya barua ziwe rahisi kwa kila mtu, na kila mtu akaandika. Cole akamwomba mchoraji John Callcott Horsley amchoree picha, ikachapwa, na zile ambazo hakuzihitaji zikauzwa kwa shilingi moja kila moja. Ilikuwa kipande kimoja bapa, hakina mkunjo: familia mezani katikati, huku na huku watu wakiwapa maskini chakula na nguo, nafasi ya jina la mpokeaji juu na ya mtumaji chini. Salamu zimekwisha kuchapwa, wewe jaza majina. Simlaumu, alikuwa na kazi nyingi. Lakini aliyekaa chini na wembe na kifutio amekwisha kuamua kumpa mtu muda wake, na itakuwa huzuni ikiwa baada ya yote hayo ataandika "Nakutakia kila la heri" na kutia sahihi.

Angalia kanga inavyofanya. Sentensi moja, fupi, yenye mtu anayesemwa ndani yake. Kadi iseme hivyo. Kwa jirani aliyeuguza mume wake muda mrefu niliandika: "Tuliona ulivyokesha." Basi. Kwa mtoto aliyemaliza darasa la saba: "Madaftari yako bado yapo kwa bibi." Sentensi kama hizo haziwezi kupelekwa kwa mtu mwingine yeyote, na hapo ndipo penye thamani yote ya kazi ya mkono. Siku hizi kadi za mialiko na za michango hufika kama picha kwenye WhatsApp, watu mia tatu picha ile ile, na kwa shughuli ya kamati hilo linafaa, linaokoa fedha na petroli. Ya karatasi ibaki kwa mtu mmoja.

Albamu ndogo ya kumbukumbu ni mkunjo ule ule uliorefushwa. Tuliosoma bweni tunaijua kwa umbo lake la kienyeji: kaunta buku la mwaka wa mwisho, kila rafiki kaandika ukurasa wake, kabandika picha ya pasipoti, kachora moyo kwa biro nyekundu. Tatizo la kaunta buku ni unene. Ukibandika vitu, kitabu kinavimba mdomo kama mamba na mgongo unachanika. Mgongo ulishonwa kwa karatasi tupu. Haukuandaliwa nafasi ya picha.

Mimi hutumia mkunjo wa kodiani. Kata utepe wa manila wa sentimita 60 kwa 14. Kwanza pandisha ukingo wa chini sentimita 4 kwa urefu wote, piga mfuo mzito hapo kwa sababu mkunjo huu mmoja utakwenda kinyume na nyuzi. Kisha kunja zigizaga kila sentimita 10. Unapata kurasa sita zenye kimo cha sentimita 10, kila moja na mfuko wake chini, na gundi inahitajika miisho miwili tu. Kama utaweka vitu vinene, kila kona isiwe na mkunjo mmoja bali miwili iliyoachana milimita 5, ili pawe na mgongo mdogo wa kumeza unene. Hapo utepe wa sentimita 60 hautoshi. Ongeza mwingine, na kiungo kikae mgongoni, kamwe si katikati ya ukurasa.

Jalada nalitoa kwenye kaunta buku lililokwisha, lile gamba gumu la nje, na kulivisha kipande cha kitenge au kanga kuukuu. Pamba nyepesi hunywa gundi ikatokeza madoa juu, kwa hiyo kitambaa nakigundisha kwanza kwenye karatasi nyembamba, kikauke, ndipo nakivisha. Gamba lililovishwa upande mmoja hupinda. Livishe pande zote mbili na ulikandamize chini ya vitabu usiku kucha. Msimu wa masika, hapa pwani, acha siku mbili. Uji wa unga wa ngano hushika karatasi vizuri na haukunji kama gundi ya maji mengi, lakini kwenye nyumba zetu mende na wadudu wa vitabu huufuata wanga huo, basi albamu ya kudumu naitengeneza kwa gundi nyeupe, nikiipaka nyembamba kwa kipande cha kadi.

Cha kuweka ndani kina masharti yake. Risiti za EFD, zile mashine za risiti za madukani, na tiketi nyingi za boti na za mabasi siku hizi, huchapwa kwa joto bila wino, na maandishi yake hufifia mpaka yakapotea. Zipige fotokopi, ubandike kopi. Gazeti hugeuka manjano kwa sababu karatasi yake bado ina lignini, ile gundi ya asili ya mti, na huiambukiza picha iliyolala nayo. Weka karatasi safi katikati. Selotepu usiiguse kabisa, gundi yake huota kahawia na kupenya. Picha za zamani, hasa zile za studio zenye muhuri wa mpiga picha nyuma, usizigundishe hata kidogo, kwa sababu ule mgongo una historia yake: jina la studio, mtaa, pengine tarehe kwa mkono wa babu. Zitengenezee pembe. Kata ukanda wa karatasi wa sentimita 2 kwa 4, kunja pembe zake mbili za juu zikutane katikati chini, upate pembetatu yenye mfuko. Nne kama hizo, zilizotiwa gundi nyuma tu, zinashika picha imara na siku yoyote mtu anaweza kuitoa akasoma nyuma.

Mwandishi Mmarekani Mark Twain, aliyepata hataza ya albamu yake ya kubandika mwaka 1873, aliweka mistari ya gundi tayari kwenye kurasa, ulowanishe tu na kubandika. Alitaka kuwaondolea watu usumbufu, na watu wengi walimshukuru. Kwa mikato ya magazeti inafaa. Picha ya mtu aliyetangulia inataka pembe.

Stempu za posta za zamani nazo hupendeza kwenye kurasa hizi, na nyumba nyingi bado zina bahasha za miaka ya 1960 chini ya sanduku. Ukikuta stempu zilizoandikwa Kenya, Uganda na Tanzania kwa pamoja, hizo ni za wakati nchi tatu zilipokuwa na posta moja, kabla Jumuiya ya Afrika Mashariki haijavunjika mwaka 1977. Usizibandue kwa kucha. Kata karatasi kuizunguka stempu, ielee kwenye maji vuguvugu uso juu mpaka iteleze yenyewe, kisha ilaze kifudifudi kwenye karatasi nyeupe ikauke, na uikandamize. Kama bahasha yenyewe ina mwandiko wa mzazi na muhuri wa posta unaosomeka, usikate chochote. Tengeneza mfuko wa ukubwa wake, iingie nzima.

Imebaki bahasha ya kadi. Ya A6 inataka bahasha ya milimita 114 kwa 162, ambayo madukani haipatikani kirahisi, hivyo naikata kwenye bahasha kubwa ya kaki, naikunja kwa mfuo kama kadi, na kugonga muhuri ule ule wa pindo kwenye kifuniko. Na kwa kuwa kanga huuzwa doti, ndani naweka kadi mbili: moja imeandikwa, ya pili ina pindo na mji, lakini sehemu ya jina iko wazi, ili aliyeipokea naye awe na ya kumwandikia mtu wake.